Asilimia 90 tangu mwezi jana: namna ya kuifanya ratiba ya kompyuta iseme ukweli

Swali: "Yaya, mimi ni msimamizi wa shantie, yaani eneo la ujenzi, hapa Lubumbashi. Tunajenga shule upande wa Ruashi, majengo mawili ya madarasa matatu matatu. Mfadhili anataka ripoti ya MS Project, ile programu ya kupanga ratiba, kila baada ya wiki mbili. Kila Jumamosi namuuliza kapita, kiongozi wa mafundi, kazi imefika wapi, ananipa asilimia, naiandika kwenye faili. Faili inaonyesha tuko sawa, tarehe ya mwisho haisogei hata kidogo. Lakini nikizunguka shantie kwa miguu naona wazi tumechelewa, na kuna kazi tatu zimekaa kwenye asilimia 90 tangu mwezi jana. Injenia wa mfadhili alipita juzi, akatazama ripoti, akatazama kuta, akacheka tu. Nakosea wapi?"

Jibu:

Mdogo wangu, kapita wako hakudanganyi na programu haijaharibika. Ila kila mmoja anajibu swali lake. Kapita akisema "tuko nusu" anatazama ukuta. Programu ikikuta 50 kwenye safu ya "% achevé" (asilimia iliyokamilika, kwenye toleo la Kifaransa) inaelewa nusu ya muda, yaani nusu ya siku ulizoipangia kazi hiyo. Haijui ukuta ni mrefu kiasi gani wala umebakiza matofali mangapi.

Kisha kuna jambo ambalo nadhani ndilo linalokuumiza zaidi. Ukiandika asilimia bila kuandika tarehe ya kuanza, MS Project inajijazia yenyewe: inachukulia kwamba kazi ilianza siku ileile iliyopangwa. Ukiandika 100, inachukulia kwamba ilikwisha siku ileile iliyopangwa. Ndiyo sababu tarehe yako ya mwisho imeganda. Hujawahi kuiambia kwamba kuna kitu kimechelewa.

Tuchukue kazi moja tuipigie hesabu hadi mwisho. Kuta za jengo la pili, siku 20 za kazi, shantie inafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi. Zimepangwa kuanza Jumatatu tarehe 2 Juni 2025 na kwisha Jumanne tarehe 24. Mchanga ukachelewa, masoni (mafundi wa kuta) wakaweka tofali la kwanza Alhamisi tarehe 5. Jumamosi tarehe 14 jioni unamuuliza kapita, anasema nusu, unaandika 50.

Sasa tazama programu inachofanya. Inaandika "Début réel" (kuanza halisi) tarehe 2, siku ambayo masoni walikuwa wamekaa kivulini wakingoja lori. Inahesabu siku 10 zimefanyika, na mstari mweusi ndani ya upau wa kazi hiyo kwenye mchoro unafika hadi Alhamisi tarehe 12. Siku 10 zilizobaki inazianzisha Ijumaa tarehe 13 na kuzimaliza tarehe 24, kama ilivyopangwa tangu mwanzo. Lakini wewe umeketi mbele ya kompyuta Jumamosi jioni tarehe 14. Ijumaa imepita na Jumamosi nayo imekwisha. Ratiba yako ina siku mbili za kazi ambayo bado haijafanyika, na imezipanga kwenye siku ambazo hazitarudi.

Fanya upya. Kwenye "Début réel" andika 5 Juni. Kwenye "Durée réelle" (siku zilizofanyika) andika siku 9, maana kuanzia tarehe 5 hadi 14, ukitoa Jumapili moja, ni siku 9. Halafu mgeukie kapita na swali jingine kabisa. Usimuulize mmefika wapi. Muulize zimebaki siku ngapi. Utaona anakuna kichwa, anahesabu linto, yaani boriti za juu ya madirisha, anakumbuka mkanda wa zege unaopita juu ya kuta zote, anakumbuka pembetatu mbili za mwisho zinazobeba paa. Akisema 13, andika 13 kwenye "Durée restante" (siku zilizobaki). Kazi sasa imekuwa ya siku 22, na asilimia inatoka yenyewe: 9 kwa 22, yaani 41. Kuanzia Jumatatu tarehe 16 unapata siku 12 hadi Jumamosi tarehe 28; Jumatatu tarehe 30 Juni ni sikukuu ya Uhuru, hakuna anayefanya kazi; siku ya 13 inaangukia Jumanne tarehe 1 Julai.

Kati ya 50 na 41, mfadhili asingeshtuka. Kati ya tarehe 24 Juni na tarehe 1 Julai ni wiki nzima, na nyuma ya wiki hiyo kuna paa linalotakiwa kufungwa kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Fuata mpangilio huo nilioutaja: kwanza tarehe ya kuanza, pili siku zilizofanyika, tatu siku zilizobaki. Ukianza na zilizobaki, programu itazichukua kama urefu wa kazi yote, kisha ukiandika zilizofanyika itazitoa humo, ubaki na siku 4 badala ya 13. Watu wengi hukutana na jambo hili, wanakasirika, wanarudi kuandika asilimia. Na ile safu ya "% achevé", mimi huiondoa kabisa kwenye jedwali ninaloingizia taarifa. Nyumba yake ni kwenye ripoti, inapokuja kama matokeo.

Utaniuliza: nitajuaje kama siku 13 za kapita ni za kweli? Pima. Tuseme kuta zote za jengo lile ni mita za mraba 180, ukishatoa milango na madirisha. Jumamosi unakuta mita 72 zimesimama. Kwa siku 9 hiyo ni mita 8 kwa siku. Zimebaki 108, ambazo kwa mwendo huohuo zinataka siku 13 na nusu. Kauli ya kapita imesimama. Angesema siku 7, ungemuuliza kwa upole ataongeza masoni wangapi, na kama bado hajawapata, ungeandika 13 tu. Utepe wa kupimia na dakika 15, basi. Kwa sakafu na plasta pima vilevile mita za mraba. Kwa zege hesabu mita za ujazo, kwa umeme hesabu vituo vilivyofungwa.

Asilimia hii ya kupima ina mahali pake: "% physique achevé". Safu hiyo haigusi tarehe wala haisogezi upau. Inakaa pale kama shahidi pembeni ya "% achevé". Kwenye mfano wetu ya muda ni 41 na ya kupima ni 40. Zinaongea lugha moja. Siku utakapokuta ya muda ni 80 na ya kupima ni 50, usiandike ripoti kwanza. Nenda shantie.

Kwa kazi ambazo ni ngumu kupima kwa utepe, kubaliana na kapita mapema, kabla kazi haijaanza, hatua gani ina uzito gani. Mfano, hata kwa kuta zetu: hadi usawa wa chini ya madirisha ni 35, hadi chini ya linto ni 65, linto na mkanda wa zege vikishamwagwa ni 85, pembetatu za paa zikikamilika ni 100. Hakuna namba nyingine katikati. Muandikie kwenye daftari lake, naye asaini. Kazi fupi, za siku tatu au nne, hazihitaji hata hayo: 0 au 100. Na safari za vifaa ni 0 au 100 daima. Nimeshasoma ripoti iliyoandikwa "kuleta mabati, asilimia 80", wakati lori lilikuwa kwenye foleni Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Mabati yaliyo Kasumbalesa hayaezeki darasa la Ruashi. Ni 0, na siku zilizobaki zinaandikwa kwa kumpigia simu dereva.

Tuje kwenye zile kazi zako tatu za asilimia 90. Mimi siko huko, lakini naweza kubashiri kilichomo ndani. Kuta zimekwisha, ila fremu za milango hazijaletwa, kwa hiyo masoni wameacha matundu watakayorudi kuyaziba. Kapita anaona aibu kusema 100, kwa hiyo kila Jumamosi anarudia 90. Kazi ya namna hiyo si ya asilimia 90. Ni kazi mbili zilizofungwa kwenye mstari mmoja. Ipasue. Ile ya kuta ipe "Fin réelle" (mwisho halisi) ya siku masoni walipoteremka kweli kwenye jukwaa. Fungua mstari mpya, "kuweka fremu za milango, jengo la kwanza", siku 3, uufunge nyuma ya mstari wa kuleta fremu. Papo hapo utaona kinachokuchelewesha ni seremala wa fremu, na kwamba kapita amekuwa akilaumiwa bure. Mfadhili naye ataelewa, kwa sababu sasa kuna jina la kitu kinachongojwa.

Jambo linalofuata ni tarehe ya taarifa, ambayo kwenye toleo la Kifaransa inaitwa "Date d'état". Iweke kila mara kabla ya kuandika chochote, iwe Jumamosi ile uliyokusanya taarifa. Usipoiweka, programu inatumia tarehe ya leo ya kompyuta, na ukifungua faili Jumatano kwa sababu umeme ulikatika tangu Jumapili, hesabu zinakuwa za Jumatano huku taarifa ni za Jumamosi. Kanuni ni moja tu: upande wa kushoto wa tarehe hiyo kusiwe na kazi ambayo haijafanyika, na upande wa kulia kusiwe na kazi iliyokwisha kufanyika. Tembeza jicho kwenye mchoro mzima ukitafuta hayo mawili. Inachukua dakika chache, na ndiyo hiyohiyo injenia wa mfadhili anafanya akifungua faili yako.

Primavera P6, programu nyingine ya ratiba ambayo pengine utaikuta siku ukiingia kwa wakandarasi wa migodi kule Kolwezi, inakulazimisha: ukiipa tarehe ya taarifa na kuipa amri ya kupanga upya, kazi yote iliyobaki inahamia mbele ya tarehe hiyo. Tena kila kazi unaichagulia tangu mwanzo asilimia yake itoke kwenye muda, kwenye vipimo vya shantie au kwenye saa za wafanyakazi. MS Project haikulazimishi. Ina amri ya kuhamisha kazi isiyokwisha iwe baada ya tarehe fulani, iko chini ya kitufe cha kusasisha mradi, lakini lazima uiite wewe. Na ukiiita ujue inaacha alama: kazi ambazo hazijaanza inazifunga na sharti la kutoanza kabla ya tarehe uliyotaja. Mwezi ujao vifaa vikiwahi, zile kazi hazitarudi nyuma, zitangoja sharti lao, na wewe utakuwa unashangaa. Kwa faili ndogo kama yako, yenye mistari ipatayo 60 au 80, napendelea uhamishe kwa mkono kwa kuandika siku zilizobaki na tarehe halisi, kazi moja moja.

Kabla hujafanya hayo yote, kagua vitu viwili ambavyo huzuia tarehe isisogee hata ukiandika ukweli mtupu. Cha kwanza ni alama ya pini kwenye safu ya namna ya kupanga. Tangu toleo la 2010, kazi mpya huzaliwa zikiwa za kupangwa kwa mkono, na kazi ya namna hiyo haifuati iliyoitangulia. Kuta zikichelewa, paa linabaki pale pale kama vile halihusiki. Zigeuze zote ziwe za kupangwa na programu. Cha pili ni kalenda. Ile ya kawaida inayokuja na programu ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa nane kwa siku, na haijui 30 Juni wala 1 Agosti. Ongeza Jumamosi kama kweli mnafanya kazi Jumamosi, ondoa sikukuu zetu. Kukomaa kwa zege, kwa upande mwingine, hakujui Jumapili. Siku 28 zinazotajwa kwa nguvu kamili ya zege ni siku mfululizo, kwa hiyo mstari huo upe muda wa mfululizo, usiuhesabu kwa kalenda ya masoni.

Kisha ile namba kubwa ya juu kabisa, ya mradi mzima, ambayo nadhani ndiyo mfadhili anaipenda kuliko zote. Usiiamini sana. Programu inaipata kwa kujumlisha siku zilizofanyika za mistari yote ya chini na kuzigawa kwa siku zote zilizopangwa. Siku ya kungoja karatasi ina uzito sawa na siku ya kumwaga zege. Fikiria mradi wenye kungoja kibali cha ujenzi siku 30, msingi siku 10, kuta siku 20, paa siku 10, plasta na sakafu siku 10. Kibali kimetoka, msingi umekwisha: siku 40 kwa 80. Ripoti inasema asilimia 50 na hakuna hata ukuta mmoja uliosimama. Mfadhili akitaka namba moja ya mradi wote, itoe kwenye thamani ya fedha ya kazi iliyopimwa, au kwenye uzito mliokubaliana. Na usiandike kamwe asilimia kwenye mstari wa kichwa, ule unaobeba mingine chini yake: namba hiyo inashuka na kugawanywa kwenye mistari ya ndani, ikianzisha kazi ambazo hakuna aliyezigusa.

Kuhusu ratiba ya kulinganishia, "Planification de référence", ihifadhi mara moja mliposaini na mfadhili, kisha usiiguse. Bila hiyo hakuna cha kulinganisha, kwa sababu ratiba ya sasa inasogea pamoja na wewe na daima utaonekana uko kwenye wakati. MS Project ina nafasi 11 za kuhifadhi. Mkikubaliana kwa maandishi kubadilisha mradi, tumia nafasi ya pili, ya kwanza ibaki. Wapo wanaoihifadhi upya kila mwezi juu ya ile ya zamani ili ucheleweshaji upotee. Hiyo si ratiba, ni vipodozi.

Injenia wa mfadhili anaweza pia kukuuliza kipimo cha thamani iliyopatikana dhidi ya iliyopangwa, kile kinachoandikwa SPI. Kikiwa chini ya 1 umechelewa. Kinafaa katikati ya mradi. Kuelekea mwisho kinarudi polepole kwenye 1 hata kama mmechelewa miezi mitatu, kwa sababu mwishowe kazi yote iliyopangwa inakuwa imefanyika. Basi mkishafunga paa, tazameni tarehe tu.

Kama ofisi yenu haina leseni za kutosha, ProjectLibre ni ya bure, inafungua faili za MS Project, na unaweza kuitumia kwenye kompyuta ya shantie. GanttProject nayo ni ya bure na nyepesi, lakini ufuatiliaji wake ni asilimia tu juu ya upau, kwa hiyo siku zilizobaki itabidi uzisimamie kwa kurefusha kazi wewe mwenyewe.

Sasa Jumamosi hii. Nenda mapema, kabla ya malipo ya wiki, maana baada ya malipo hutampata mtu. Chukua daftari, usichukue kompyuta. Kwa kila kazi iliyo wazi, na zile zilizotakiwa kuanza wiki hii, uliza mambo manne: imeanza lini, imekwisha lini kama imekwisha, zimebaki siku ngapi, na inangoja nini. Hilo la nne programu haina safu yake ya maana, ila kuna sehemu ya maelezo. Liandike humo, kwa sababu baada ya miezi miwili mtabishana nani alichelewesha nini. Piga picha ya kila ukuta ukiwa umesimama mahali palepale pa wiki iliyopita. Jioni weka tarehe ya taarifa, ingiza.

Usishtuke ukiona tarehe ya mwisho imeruka wiki tatu au nne kwa mara moja. Ni ucheleweshaji wa tangu zamani unaoingia kwenye faili kwa siku moja. Usitume faili hiyo peke yake. Mpigie kwanza injenia wa mfadhili, mwambie kwamba kuanzia ripoti hii unaingiza tarehe halisi na siku zilizobaki, badala ya asilimia za kukadiria, na kwamba tarehe itasogea kwa sababu hiyo. Ambatisha ukurasa mmoja: kazi tano au sita zilizosogeza tarehe, kila moja na sababu yake, na pendekezo lako la kuokoa siku, kwa mfano kuanza paa la jengo la kwanza wakati kuta za la pili zinaendelea, kama mabati ya kutosha yamekwisha kuvuka mpaka. Akiuliza kwa nini ripoti ya wiki mbili zilizopita ilisema mko sawa, mfungulie mstari wa kuta za jengo la pili, umuonyeshe tarehe 2 iliyojiandika yenyewe na tarehe 5 uliyoiandika wewe.